Ukuta wa Mikuki Haupiti Kichakani

Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya pili kabla ya Kristo (KK), aliwaorodheshea wasomaji wake vitu vinavyoiua falanksi, yaani safu nene ya askari wa mikuki waliosongamana: mitaro, magenge, mabonde, miti na vijito. Jeshi la namna ile, alieleza, hutaka uwanda uliosawazika usio na kizuizi, na uwanda kama huo wenye urefu wa stadi 20, yaani kilomita tatu unusu hivi, ni shida kuupata popote.

Angeletwa Garissa angedhani ameupata. Kaunti nzima haina mlima wa kutajwa. Ukivuka daraja la Tana na kushika njia ya Dadaab hadi Liboi mpakani, ardhi ni ileile, bapa, na gari huinama kidogo tu pale barabara inapokata laga, mkondo wa mto wa msimu. Kwa macho ya mtu aliyeiona kwenye ramani peke yake, hii ni nchi ya kupanga maelfu ya watu bega kwa bega na kuwaamrisha watembee mpaka Bahari ya Hindi.

Ramani za mwinuko hazionyeshi miiba. Kutoka Tana hadi mto Juba ni vichaka vya migunga na miti mifupi iliyosokotana, mtu akipiga hatua 20 ndani yake haonekani tena. Wenzake wakitaka kumfuata wakiwa wameshikamana, watachanika nguo kwanza, kisha watachanika safu. (Siku hizi kingo za Tana zimeongezewa mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na ambao sasa wafugaji wanaulaani. Lakini hata kabla yake vichaka vilikuwa vya kutosha.)

Habari ya jinsi safu iliyobana ilivyokufa husimuliwa kila mara kama habari ya Ugiriki na Roma. Nchi hii ya miiba nayo ina sehemu yake, na kuna jambo moja linaloonekana vizuri zaidi kutoka huku.

Kwanza tuitendee haki falanksi yenyewe. Philip wa Pili wa Makedonia, baba yake Alexander, aliwapa askari wake wa miguu mkuki uitwao sarisa, wa kushikwa kwa mikono miwili. Kufikia zama za Polybius ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita sita, mrefu kuliko twiga wa hifadhi ya Bour-Algi hapa Garissa. Safu kwa kawaida zilikuwa 16 kwenda nyuma. Ncha za safu tano za mbele zote zilitokeza mbele ya mtu wa kwanza, kwa hiyo kila adui aliyesogea alikabiliwa na vyuma vingi kwa wakati mmoja. Safu za nyuma ziliinua mikuki kuzuia mishale na kusukuma kwa uzito wa miili. Aemilius Paullus, jenerali Mrumi aliyekuwa ameona vita vingi, alikiri kwamba hajawahi kuona kitu cha kutisha kuliko falanksi ikija, na huyu ndiye aliyeishinda.

Alexander hakuitumia peke yake. Falanksi ilimshika adui mahali pamoja wakati wapanda farasi wakimzunguka. Wafalme waliomfuata walirefusha mikuki, wakapunguza farasi, wakaamini ukuta utafanya kazi yote. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia, kabla Mrumi hajaonekana.

Dalili zilikuwapo tangu zamani zaidi, wakati Wagiriki bado wanatumia mikuki mifupi na ngao kubwa. Mwaka wa 425 KK, katika kisiwa cha Sphacteria, Wasparta walizingirwa na watu wa mishale na mawe waliorusha na kukimbia, mpaka 292 wakasalimu amri, jambo ambalo Ugiriki nzima ilikuwa haijapata kulisikia. Mwaka wa 391 KK, karibu na Korintho, Iphicrates wa Athens alitumia watu wenye mikuki ya kurusha na ngao nyepesi kukikata kikosi cha Wasparta wapatao 600. Kila Wasparta walipowafukuza, wale walikimbia. Waliporudi, wale walirudi. Wazee wa Garissa waliokuwa vijana miaka ya sitini hawangehitaji kuelezwa mbinu hiyo.

Lakini vita vilivyoizika falanksi vilikuwa viwili. Vya kwanza ni vya Cynoscephalae, kule Thessaly, mwaka wa 197 KK. Philip wa Tano wa Makedonia na Flamininus wa Roma walikuwa wakitafutana, kila mmoja upande wake wa kilima, kukiwa na ukungu. Vikosi vya mbele vilikutana kwa bahati, vikaanza kupigana. Philip hakutaka vita pale. Aliiona ardhi kuwa mbovu. Wajumbe wakamjia mmoja baada ya mwingine: washenzi wanakimbia, hii ndiyo siku yako. Akakubali. Upande wake wa kulia ulipanda juu, ukajipanga, ukateremka na kuwasukuma Warumi kama ilivyotarajiwa. Upande wa kushoto ulikuwa bado unapanda kwa mstari wa njiani, haujajipanga, ukavunjwa na Warumi na tembo wao.

Kisha likatokea tendo la afisa mmoja wa Roma ambaye jina lake halikuandikwa. Alikuwa katika upande uliokuwa ukishinda. Aliona kwamba falanksi ya kulia ya Philip imeteremka mbali na kuacha mgongo wazi, akachukua vikosi vidogo 20, akageuka, akapanda, akawapiga kwa nyuma. Mtu mwenye mkuki wa mita sita, aliyebanwa na wenzake kulia, kushoto, mbele na nyuma, hawezi kugeuka. Wamakedonia waliinua mikuki juu, ishara yao ya kusalimu amri. Warumi hawakuijua ishara hiyo, wakaendelea kuua mpaka Flamininus alipoelezwa maana yake.

Vya pili ni vya Pydna, mwaka wa 168 KK, zamu ya Perseus, mwanawe Philip. Falanksi ilianza kwenye uwanda ikasukuma vizuri, ikafika chini ya vilima ambako ardhi haikuwa sawa, na nyufa zikatokea. Paullus akawaamuru watu wake waingie kwenye nyufa hizo wakiwa makundi madogo, kila kundi na vita vyake. Ndani ya nyufa, upanga mfupi ulikuwa bwana. Ufalme wa Makedonia ukaishia hapo.

Watu wengi husema Roma ilishinda kwa upanga au kwa nidhamu. Mimi naona ilishinda kwa sababu mtu asiye jenerali aliruhusiwa kugeuka na watu wake bila kumwomba mtu ruhusa.

Pembe ya Afrika nayo ilikuwa na mkono katika vita vile, ingawa si kwa hiari. Wafalme wa Misri wa ukoo wa Ptolemy walikuwa na falanksi, na falanksi za zama hizo zilitaka tembo pembeni. Njia ya kupata tembo wa India ilikuwa mikononi mwa wapinzani, kwa hiyo wakatuma wawindaji kushuka Bahari ya Shamu, wakajenga vituo vya kukamatia tembo, kimojawapo Ptolemais Theron katika pwani ambayo leo ni ya Sudan, na vituo vingine vikasogea kusini kuelekea nchi ya ubani. Katika vita vya Raphia mwaka wa 217 KK, tembo hao wa Afrika, kwa maelezo ya Polybius, walikataa kuwakabili wale wa India wakarudi kuwakanyaga wenyewe. Falanksi ya Misri ilishinda siku hiyo hata hivyo, na sehemu kubwa yake walikuwa Wamisri wa kawaida waliofundishwa kushika sarisa.

Baada ya hapo falanksi ilibaki kama kumbukumbu ya fahari. Kaisari Caracalla, miaka karibu 400 baadaye, aliunda kikosi cha vijana 16,000 wa Makedonia na kuwavisha kama askari wa Alexander. Mtu aweza kucheka, lakini Waingereza walifanya vilevile barani Afrika.

Waingereza walikuwa wameshajifunza kwa Warusi, kwa Makaburu na kwa wengineo kwamba watu waliosongamana mbele ya bunduki za kisasa ni nyama ya kusaga. Huku Afrika walirudia mraba. Hoja yao haikuwa ya kijinga: adui mwenye mikuki na mwendo wa haraka huzunguka pande zote, basi jeshi lisiwe na mgongo. Askari walijipanga pande nne wakitazama nje. Ngamia, maji, risasi na majeruhi wakakaa katikati. Bombomu, yaani bunduki za rashasha, zikawekwa pembeni. Ulikuwa ukuta wa mikuki uliobadilishiwa silaha, na ulitaka kilekile alichokitaja Polybius: uwanda mtupu.

Wenye kulipa gharama yake walikuwa askari wa Keya (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya maafisa Waingereza lililoundwa rasmi Januari 1902. Mnamo Oktoba mwaka huo, huko Erigo katika nchi ya Wasomali, kikosi cha afisa Mwingereza Swayne kilikuwa kikipita kichakani kikijaribu kushikilia umbo la mraba huku mizigo ikiwa katikati. Wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, kiongozi wa Wasomali aliyewapinga Waingereza, waliokuwa wamejificha walifyatua risasi kutoka karibu. Ngamia waliingiwa na kiwewe, wakatimka, wakautoboa mraba kutoka ndani. Bombomu moja likapotea.

Miezi sita baadaye ikaja Gumburu, na hii inastahili kuelezwa taratibu. Tarehe 17 Aprili 1903, si mbali na visima vya Galadi, upande ambao leo ni Ethiopia, Luteni Kanali Plunkett alitumwa kutoka boma la miiba kwenda kukisaidia na kukirudisha kikosi cha upelelezi. Alikuwa na kampuni za Keya kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na Masingasinga wachache wa jeshi la India, pamoja na bombomu mbili. Alikipata kikosi kile salama, lakini badala ya kurudi akasonga mbele. Wakafika mahali palipokuwa na uwazi uliozungukwa na kichaka kizito. Akaunda mraba.

Mraba ulifanya kazi yake. Wapanda farasi walikuja kwanza, wakarudishwa; kisha wakaja watu wa miguu, wimbi juu ya wimbi, na bunduki zikawaangusha. Kichaka kiliwawezesha kusogea karibu sana kabla ya kuonekana, na walikuwa wengi kuliko risasi. Risasi zilipokwisha, Plunkett aliamuru wauvunje mraba na kujipenyeza kwa singe kurudi bomani. Hapo ndipo walipouawa. Maafisa Waingereza wote tisa walikufa, pamoja na askari 187. Vijana waliotoka kando ya Ziwa Nyasa walikufa katika nchi ambayo jina lake huenda walilijua majuma machache tu, kwa ajili ya umbo lililobuniwa kwa viwanja vya Ulaya.

Januari 1904 Waingereza walipata uwanda wao. Huko Jidbali, mahali pa wazi, Jenerali Egerton aliwasubiri wafuasi wa Sayyid ndani ya mraba, na safari hii waliojikusanya mahali pa wazi walikuwa wao. Waliouawa walikadiriwa kufika elfu moja. Mwaka uliofuata, Agosti 30, katika vita vya Maji Maji kwenye Tanzania ya leo, Wapogoro na Wambunga waliivamia boma ya Wajerumani ya Mahenge kwa wingi, wakaangushwa kwa mamia na bombomu. Kwa hiyo si kweli kwamba mzungu ndiye aliyekuwa na safu na Mwafrika ndiye aliyekuwa na kichaka. Kila upande ulipojikusanya mahali pa wazi, ulikufa.

Kutawanyika nako hakukuwa dawa ya kila kitu. Huko Dul Madoba, Agosti 1913, Richard Corfield na askari wake wa ngamia walipigana wakiwa wamejipanga kwa mstari, si mraba. Bombomu lao liliharibika mapema na Corfield akauawa.

Huku Jubaland, mkoa ambao hadi 1925 ulitawaliwa kutoka Nairobi kabla ya kukabidhiwa Italia, mambo hayakufika kwenye viwanja vikubwa. Novemba 1900 Waogaden walimuua Jenner, naibu kamishna wa mkoa, kambini mwake akiwa safarini bara. Jeshi la kuadhibu likaja mwaka uliofuata chini ya Ternan, likaingia Afmadow, na Februari 1901 likashambuliwa vichakani Sanasai, ambako afisa Maitland aliuawa. Jeshi halikumpata adui wa kupigana naye. Likachukua ng'ombe.

Ng'ombe hao ndio jambo ambalo Polybius hakuliandika na ambalo linaonekana vizuri kutoka Garissa. Falanksi ilikuwa na sifa moja ambayo hatuitaji: kila mtu alijua iko wapi. Vita vilikuwa na uwanja, na uwanja ulikuwa na ukingo. Aliyekuwa ng'ambo ya kilima na mbuzi wake angeweza, kwa bahati, kupita salama. Adui akishayeyuka vichakani, jeshi lenye nguvu hutafuta kitu kisichoweza kuyeyuka. Kwa Wajerumani wa Maji Maji kilikuwa mashamba na maghala ya nafaka, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kwa serikali ya Jubaland kilikuwa mifugo na visima.

Februari 1916, Waaulihan, ukoo wa Kisomali, chini ya Abdurrahman Mursaal waliivamia Serenli, kituo cha serikali kwenye mto Juba karibu na Bardera. Luteni Elliott aliuawa pamoja na wengi wa askari wake, na bombomu likatekwa. Serikali ilijiondoa hata Wajir kwa muda, na Serenli yenyewe haikukaliwa tena mpaka mwaka uliofuata. Waaulihan leo ni miongoni mwa wenyeji wakuu wa Garissa.

Sayyid mwenyewe, ni ajabu, alimaliza upande wa pili wa kosa hili. Mtu aliyewatesa Waingereza kwa kutokamatika alijenga ngome za mawe, kubwa kuliko zote ikiwa Taleh. Mapema mwaka 1920 ndege 12 za Uingereza zikawa na mahali pa kulenga.

Kenya ilipojitawala tarehe 12 Desemba 1963, Keya ikawa Jeshi la Kenya na kurithi vita vya Kaskazini Mashariki kabla wino wa katiba haujakauka. Hali ya hatari ilitangazwa mkoani mwezi uleule. Wapiganaji walioitwa shifta walikuwa makundi madogo yaliyotembea kwa miguu na ngamia, yakijua kila kisima. Jeshi lilikuwa na malori, na malori yana barabara. Kila msafara uliotoka Garissa kwenda Wajir ulikuwa mraba uliorefushwa: mizigo katikati, bunduki mbele na nyuma, na haukuweza kugeuka. Mabomu ya ardhini yalipoanza kutegwa barabarani, shifta hakuhitaji hata kuwepo.

Jibu la serikali kuanzia 1966 lilikuwa kuwakusanya watu katika vijiji, manyatta zilizozungushiwa ulinzi, na nje yake mtu na mfugo wake wakawa halali ya risasi. Mfugaji anayeishi kwa kuhama alipangwa kwenye mistari. Wanyama walikufa kwa maelfu kwa kukosa malisho, na wengi wa waliokuwa na ngamia waliingia mabulla (mitaa) ya Garissa wakiwa hawana kitu. Kwa hesabu za kijeshi mpango ule ulifaulu. Mwafaka wa Arusha, kati ya Kenya na Somalia, ulitiwa saini Oktoba 1967 kwa upatanishi wa Kenneth Kaunda. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kuwakandamiza wenyeji hadi 1991.

Tarehe 16 Oktoba 2011 magari ya deraya ya Kenya yalivuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi, yakielekea Afmadow, mji uleule wa Ternan. Mvua za vuli ziliyakamata. Udongo wa huko ukilowa hushika gurudumu na hauachii, na jeshi lenye ndege likakaa wiki kadhaa likiitazama barabara. Afmadow ilichukuliwa tarehe 31 Mei 2012, karibu bila mapigano. Al-Shabaab, wapiganaji waliokuwa wakifuatwa, walikuwa wameshaondoka.

Walikokwenda kulijulikana baadaye, na sehemu yake ni upande wetu wa mpaka. Tangu mwaka ule vilipuzi vimetegwa kwenye njia za Dadaab, Liboi, Fafi na msitu wa Boni, na serikali ikajibu kwa magari yenye chuma kinene zaidi, ambayo ni mazito zaidi na kwa hiyo hushikamana na barabara zaidi. Maafisa wengi wa polisi wamekufa hivyo. Lakini wasio na magari hayo ndio waliolipa deni kubwa, kama ilivyokuwa 1901 na 1966. Novemba 2014 basi lilisimamishwa karibu na Mandera na abiria 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, roho 148. Januari 13, 2020, walimu watatu waliuawa katika shule ya Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka maeneo mengi ya kaunti tatu za Kaskazini Mashariki. Muhula ulianza, na katika shule nyingi za vijijini darasa la kwanza hadi la nane likabaki mikononi mwa walimu wawili au watatu waliozaliwa hapohapo.